Nanga ya Kinole

Mosi alikuwa anachimba shimo la choo, mpakani kabisa na shamba la jirani yake Zuhura, akatoa jiwe la duara lenye tundu katikati. Kabla hata choo hakijaisha, Kinole nzima ilishajua kwamba ile ni nanga. Nanga ya meli, huku mlimani, ambako wengine wetu bahari tumeiona kwenye kalenda.

Aliyesema ni nanga ni Dokta Eustace, mtu wa mjini mwenye chaneli yake mtandaoni. Udokta wa nini, hatukumuuliza. Mosi alimfuata stendi ya Msamvu, akampakia bodaboda, akamleta mpaka uani kwangu ninapouza chai na vitumbua, maana mkutano usipofanyika kwangu hapa haujafanyika.

"Mabaharia wa Indonesia," Dokta akaanza, kitumbua mkononi, "walipanda na Mto Ruvu wakatia nanga hapa. Ndizi mnazokula, wao ndio waliozileta!"

"Walipita na meli kwenye yale mawe?" nikamuuliza. "Mbona hata bodaboda inakataa?"

"Waliibeba mabegani, mama."

"Na nanga pia?"

"Nanga haiachwi."

Mosi akasimama, shati limepigwa pasi. "Mmesikia wenyewe. Ukoo wetu ni uzao wa hao mabaharia. Sisi ndio wa kwanza kufyeka msitu hapa, na aliyefyeka kwanza ndiye mwenye ardhi. Shamba la dada Zuhura ni letu."

Hapo hata mimi kicheko kikaniisha. Midalasini ya shamba lile ilipandwa na mama yake Zuhura, na ndiyo inayosomesha watoto. Jana yake tu Zuhura alikuwa jikoni kwangu, fununu zimeshamfikia, analia mpaka chai ikapoa.

Sasa akajifunga khanga vizuri. "Shikamoo, Dokta."

"Marahaba."

"Hao mabaharia walikuja na wake zao?"

Dokta akacheka. "Bahari ya enzi zile? Thubutu! Wanaume watupu."

"Una hakika?"

"Mama, mimi nimeitafiti safari hii miaka na miaka! Wanaume watupu!"

Mzee Laurenti, mwenyekiti wetu, alikuwa anasinzia. Akafumbua macho. Kina mama wakaanza kugongana viwiko.

"Mosi mwanangu," mzee akasema, "hapa Uluguru mtoto ni wa ukoo wa nani?"

"Wa mama yake."

"Na ardhi?"

Mosi akajibu kwa sauti ndogo. "Ya ukoo wa mama."

"Sasa hao mabaharia wako waliozalia hapa, waliwaoa kina nani?"

"Waliwaoa mabibi zetu!" Zuhura akadakia. "Waliwakuta hapahapa! Kumbe ni wakwe zetu, jamani! Karibuni wakwe! Tuliwapa pa kulima, na mkitukera tunawaondoa!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Chai yangu ikamwagika, sikujali.

Mosi akamshika Dokta mkono wa shati. "Dokta, fikiria vizuri. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja? Hata mpishi?"

"Hakuna."

"Hata mmoja aliyejificha kwenye magunia ya ndizi?"

"Mosi, sayansi haibembelezwi!"

"Basi nanga ni nanga, na shamba ni la Zuhura," mzee akakata shauri. "Lakini mkwe naye ana kazi zake ukweni. Mosi, msimu wa kumenya mdalasini ndio huu."

Dokta alirudi mjini na picha zake. Jiwe likabaki uani kwa Zuhura, kamfungia mbuzi.

Asubuhi ya pili nilikuwa nafagia, nikamsikia Zuhura anaita kutoka juu ya shamba, bonde zima linaitikia: "Mkweee! Midalasini inakungoja!"

Mosi akatoka chooni mbio, bado anafunga mkanda.

"Sisi tulikuja kwa miguu!" akapiga kelele. "Kwa miguu, dada Zuhura! Tulitokea Dumila!"