Kabla ya Gitaa Kulia

Mzee Kofia hakuwa mtu wa kujipamba, lakini jioni ile alinyoa ndevu. Dada yake alimkuta sebuleni akivuta kiti karibu na spika, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kaka, unakwenda kuposa?"

"Nakwenda kujisikiliza. Kuna ubaya?"

"Ubaya hakuna. Ila vua hiyo kofia, humu ndani hamna ng'ombe wa kuchunga."

Ndivyo watu walivyomjua enzi zake: kofia pana, gitaa, na nyimbo za kantri zilizosimulia reli, malisho na wanaume waliochelewa kurudi nyumbani. Sasa bintiye, fundi wa sauti, alikuwa amezikusanya zile zilizovuma zaidi, kumi na mbili, katika diski moja. Mikanda ya awali ilikuwa imeoza. Kila mmoja ulipopita kwenye mashine ulipukutika unga wa kahawia, na haukuchezeka tena. Binti alikesha juu ya kazi ile, akafuta mikwaruzo, mivumo na vikohozi. Alitaka jambo moja tu, baba asikie, aseme ameridhika.

Jioni ile, pale sebuleni, binti akabonyeza kitufe. Gitaa likaingia, safi kama maji ya mtungi.

Mzee alikuwa ameinua kidole, kama mtu anayesubiri kuitwa. Akakishusha. Wimbo wa pili, kidole kikapanda, kikashuka. Wa tatu vilevile.

"Baba, hazijakaa vizuri?"

"Zimekaa. Mama yako yuko wapi?"

Binti akamgeukia shangazi yake. Mama alifariki yeye akiwa bado ananyonya.

"Msitazamane hivyo, akili zangu bado zimo," mzee akasema. "Mimi tangu ujana siwezi kuipata sauti ya kuanzia. Mama yako ndiye aliyenitolea. Anaguna kidogo, hmm, ndipo naingia. Kwenye santuri za dukani walimkata. Kwenye mikanda ile alikuwemo."

"Bila wifi, huyu angelia kama beberu," shangazi akasema, lakini safari hii hakucheka.

Binti aliikumbuka ile sauti. Kila wimbo ulipotaka kuanza, mwanamke alikohoa taratibu, kisha ukafuata mguno mfupi, laini. Alidhani ni mtu wa studio aliyesahau kutoka. Kuna siku alikereka hata akasema peke yake, "Na huyu naye ni nani?" Akakata. Mama yake alimjia sikioni wimbo baada ya wimbo, naye akamfukuza wimbo baada ya wimbo.

"Nimemkata, baba. Sikumjua."

"Vipande vipo?"

"Nilivifuta."

"Maji yakishamwagika..." shangazi akaanza, akajutia ulimi wake, akaenda jikoni.

Binti alitamani baba agombe. Hakugomba. Ndipo akapiga magoti mbele ya kiti, akafumba macho, akautoa ule mguno kadiri alivyoweza. Mzee aliinama kuusikiliza kwa heshima.

"Uko juu kidogo," akasema. "Halafu ni wako. Wake ulikuwa..." Akalitafuta neno, akalikosa. "Ungemjuaje, mwanangu? Mikanda imekaa chini ya kitanda changu tangu ukiwa mtoto, sikukuita hata siku moja tusikilize. Nilimficha nikidhani namtunza."

"Wewe mwenyewe ulimsikia lini mara ya mwisho?"

"Mashine yangu ya kuichezea iliharibika zamani. Sikuitengeneza, niliogopa." Akavua kofia, akaiweka magotini. "Wewe ndiye uliyemsikia mwisho. Hebu nieleze alivyokuwa."

Binti akaanza. Katika wimbo wa kwanza alikohoa mara mbili. Katika wa pili ilikuwa kama anatabasamu. Mzee akaitikia kwa kichwa, amefumba macho, akisubiri wa tatu.

Binti akafungua mdomo. Wa tatu hakukumbuka chochote. Siku ile alikuwa na haraka ya kukata.