Geji ya Akiba

Kibali kilisema siku tano, Kasulu tu, kwa shughuli ya ufundi. Emile alikikunja mara nne akakitia kwenye mfuko wa shati, na njia nzima kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akawa anaupapasa mfuko kuhakikisha kwamba bado kimo. Mkewe Eugénie alikuwa amelipiga pasi lile shati mara mbili. Mtu aliyekaa kambini miaka kumi na minane haendi mjini siku tano ovyo ovyo.

Kambini alijulikana kama Papa Emile wa redio. Alikuwa na kibanda sokoni, akitengeneza redio, taa za sola na simu zilizotumbukia kwenye ndoo za maji. Wachache walijua kwamba huko Bukavu, kabla ya vita, alikuwa fundi wa geji za ndege, zile saa za vipimo mbele ya rubani, na hao wachache hawakuamini. Utawalaumu? Mtu anayekuuzia betri za tochi akikuambia kwamba zamani ndege haikuruka mpaka yeye aseme sawa, utamwitikia kwa heshima, halafu utakwenda kuwachekesha wenzako. Kwa hiyo Emile aliacha kusimulia. Kutamani ndiko hakuweza kuacha. Ndege ndogo ilipopita juu ya kambi, bisibisi yake ilisimama hewani mpaka mlio ukatike kabisa, na mteja angoje.

Mwezi wa saba mwaka 2014 ndipo alipotokea Lusajo. Huyu alikuwa Mnyakyusa mrefu, rubani wa shirika moja la misaada, akibeba dawa, damu na wagonjwa kati ya Kigoma, Kasulu na Kibondo. Alileta visikilizi vyake vya rubani vilivyokufa sikio moja. Emile alivifungua, akauliza bila kuinua uso ni ndege ya aina gani, na alipotajiwa akaanza kuzitaja geji zake moja moja kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Lusajo alivuta ndoo akaikalia.

Kisha naye akasimulia lake. Mwezi wa nne, akitoka Kibondo na mama mjamzito kwenye kiti cha nyuma, aliingia winguni juu ya vilima, na humo ndani pampu inayoendesha geji ya mlalo ikafa. Geji ya mlalo ndiyo inayomwambia rubani bawa lipi limeinama, maana ndani ya wingu macho hayaoni kitu na mwili wenyewe ni mwongo. Geji haikuzima ghafla. Ililala pole pole, na Lusajo akalala nayo. Wingu lilipopasuka aliona mashamba ya mihogo kwenye dirisha la pembeni, pale ambapo ilipaswa kuwa anga. Aliwahi kuinyoosha ndege, lakini tangu siku hiyo hakuthubutu kuingia winguni tena, na mvua za mwaka huo zilikuwa haziko mbali.

Shirika lilikubali kununua geji ya pili, ya akiba, isiyotegemea pampu. Mafundi wenye leseni wa Mwanza wangeifunga. Kilichokosekana ni mtu wa kuichagua, na Lusajo, kwa kuwa hakuwa mtu wa kungoja vikao, akaomba apewe Papa Emile wa redio.

Kibali kilichukua wiki saba. Emile alipofika Kasulu alikuta geji mbili juu ya kitanda cha nyumba ya wageni, zimeazimwa kwa wiki moja. Ya kwanza ilikuwa ya zamani, kopo jeusi lenye gurudumu ndani linalozungushwa na mota yake ya umeme. Ya pili ilikuwa kioo kidogo, chepesi, kisicho na kitu kinachozunguka, chenye betri yake ndani, hata ndege ikikosa umeme wote kingeendelea kuonyesha kwa zaidi ya saa nzima. Emile alikiangalia kile kioo akakiweka. Lile kopo alilichukua kwa mikono miwili akalitikisa kidogo sikioni. Alisikia gurudumu likicheza kwenye beringi zake, macho yakamjaa machozi, na hakujisumbua kuyaficha.

Bukavu walizipima geji kwa pikipiki. Kitabu hakisemi hivyo, lakini vitabu vimeandikwa na watu wenye mashine za kupimia. Emile alizifunga geji zote mbili kwenye ubao pamoja na betri ya pikipiki na pima maji ya fundi mwashi, akaupakata ubao nyuma ya bodaboda ya Bazilio, kijana wa Kiha asiyejua kwenda taratibu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake Bazilio aliambiwa akimbize kwenye kona. Wakapanda mpaka Heru Juu na kuteremka, watu wakisimama na majembe begani kumtazama mzee aliyekumbatia ubao akiutazama kama anasoma barua. Walipofika tambarare wakasimama. Pima maji ilisema sawa, kioo kikasema sawa, kopo la zamani likasema bado wanaegemea kushoto. Wakarudia mara tatu, na mara zote tatu kopo liliegemea.

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Jibu lilikuwa limepatikana siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, na mtu mwingine angekwenda kulala. Emile alimwambia Lusajo kwamba bado anachunguza. Alinunua shuka mpya, akaiomba nyumba ya wageni maji, akamwagia sakafu ili vumbi lilale, akalifungua kopo ndani ya chandarua.

Siku mbili hakutoka. Alisafisha beringi kwa ncha ya sindano, akatia tone moja la mafuta, kisha nusu tone, akageuza gurudumu kwa kidole na kulisikiliza. Mikono ilikumbuka kila kitu. Yeye alidhani imesahau, kumbe yeye ndiye aliyeisahau. Chakula kilipoa mlangoni. Alijisikia ana miaka thelathini, na kwamba akitoka nje atalikuta ziwa la Bukavu palepale chini ya barabara, na mwalimu wake wa ufundi anamngoja kwa maneno makali. Hakuwa amepata furaha ya namna hiyo tangu alipovuka mpaka.

Siku ya nne wakapanda tena Heru Juu. Safari hii kopo la zamani lilifuata kila kona kama kioo kinavyofuata, na kwenye tambarare likatulia sawasawa na pima maji.

Jioni hiyo Lusajo aliliona, akafurahi waziwazi. Alikuwa ameizoea geji ya aina ile tangu shuleni, na vioo vidogo hakuviamini sana. "Mzee Emile, tufunge hii," alisema. "Kila miezi mitatu tutakuombea kibali uje uisafishe. Fundi wa leseni atatia sahihi, lakini mkono utakuwa wako."

Emile alipiga hesabu. Siku tano kila miezi mitatu ni siku ishirini kwa mwaka. Siku ishirini za kuitwa fundi, za kunusa petroli ya ndege, za kulala akiwa amechoka kwa kazi yake mwenyewe. Wala isingekuwa uongo, maana geji ilikuwa imepona, Lusajo ameiona kwa macho yake. Alikuwa na haja ya kusema neno moja tu, ndiyo, na alitamani kulisema.

Ila aliijua ile geji. Vumbi la kiwanja cha Kasulu, lile jekundu linaloingia hata kwenye chumvi iliyofunikwa, lingerudi kwenye beringi kabla ya miezi mitatu, na kopo lingeanza tena kuegemea, kidogo kidogo, bila kumwambia mtu.

"Hiki kibali kilikamata wiki saba, Komanda," alisema hatimaye. "Siku ingine wanaweza kukatala. Vumbi ya hapa haitangoja kibali. Geji ya akiba yenye kungojea mutu mwenye hana ruhusa ya kutoka, ile si akiba. Kamata ya kioo."

Lusajo alitaka kubisha, kisha akamtazama vizuri. Alielewa kwamba mzee hakuwa anazungumzia geji peke yake. Akauliza kama ana hakika, Emile akajibu kwamba ana hakika, na kuanzia hapo wakazungumza habari za mvua.

Asubuhi ya siku ya tano anga ilikuwa safi, na Lusajo alikuwa anapeleka chanjo Kibondo. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Alimwambia Emile apande, kwenda na kurudi hakumalizi saa mbili, na Kibondo hakuna atakayeuliza. Emile alishika mlango wa ndege. Bati lilikuwa na ubaridi wa usiku. Alifikiri juu ya Eugénie, na juu ya wengine kambini waliokuwa wanangoja vibali vyao, ambao kosa la mmoja hulipiwa na wote.

"Kibondo hapana," alisema. "Nipeleke tu mpaka mwisho wa uwanja."

Basi wakaenda hivyo. Lusajo aliwasha injini, ndege ikatetemeka, geji zikaamka moja moja mbele ya Emile kwa mpangilio uleule aliokuwa ameutaja kibandani. Wakatambaa juu ya changarawe mpaka mwisho kabisa, penye majani na mbuzi wawili, wakageuka, wakarudi. Lusajo aliendesha taratibu kuliko ilivyohitajika. Emile akashuka, akafunga mlango, akaupiga mara mbili kwa kiganja, akarudi nyuma hatua nyingi ili upepo wa injini usimwangushe. Ndege ikaondoka kuelekea Kibondo, naye akasimama mpaka Bazilio akaja kumchukua.

Alifika Nyarugusu kabla ya jua kuzama, akarudisha kibali kwenye dirisha la ofisi ya kambi, akaenda nyumbani. Eugénie alikuwa anachambua maharage. Alimsogezea kiti, akamtazama mikono iliyokuwa bado na weusi wa mafuta kwenye kucha, na akatabasamu, maana kwa miaka mingi hakuwa ameiona hivyo.

"Batakuita tena?" aliuliza.

"Hapana," Emile alisema. "Niliwachagulia ile ya muzuri."