Karanga Iliyoingia kwa Mlango wa Nyuma

Siku mjukuu wangu alipolamba siagi ya karanga kwenye mkate wangu, midomo ikamvimba kama aliyegombana na nyuki, mkwe wangu hakuhitaji daktari kumjua mhalifu. Mhalifu ni mimi. Tangu hapo nikawa namtazama mtoto kwa mbali, kama televisheni. Jikoni kwangu marufuku, mapajani marufuku. Mwanangu naye, mwanamume mzima na ndevu zake, akawa haoni wala hasikii.

Sikugombana. Nilingoja.

Siku ya kliniki nilichukuliwa, nadhani kama kielelezo cha kosa. Daktari, binti mpole wa miwani, akatueleza taratibu kwamba mwilini mna seli za ulinzi, na baadhi yake zina protini ambazo kazi yake ni kutuliza wenzao: hiki ni chakula, kiacheni kipite. Chakula kikiingia kwa mdomo, mara nyingi watulizaji huwahi. Kikiingia kwa ngozi iliyopasuka, wanaokipokea ni wale wenye hasira, na wakishaikariri sura yake hawasahau. Kumbe hata ndani ya damu kuna wakwe.

Kisha akauliza mtoto hupakwa nini kwenye ule ukurutu unaompasua ngozi. Mkwe akanyoosha mgongo. Akatoa mkobani ile losheni ya asili, ya bei ya viatu, aliyoiagiza mwenyewe kwa kuwa mafuta yangu ya mgando ni ya kishamba. Humpaka asubuhi na jioni tangu akiwa mchanga. Daktari akaigeuza chupa, akasoma maandishi madogo, akasema kwa upole kwamba ndani mna mafuta ghafi ya karanga.

Mwanangu akagundua kuwa dari ya kliniki ni nzuri sana.

Mimi nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeitunga nikiosha vyombo, ina utangulizi na hitimisho.

Lakini daktari alikuwa hajamaliza. Watulizaji wanaweza kufundishwa, alisema, ingawa hakuahidi kitu. Mtoto ataanzishiwa chembe ya unga wa karanga palepale, dawa zikiwa tayari, na akistahimili ataendelea nayo nyumbani kila siku. Muuguzi akaleta uji wenye unga huo kwenye kijiko. Mkwe akakishika, akakisogeza, akakirudisha, na mtoto akaufunga mdomo kwa kufuli.

Mkwe akanigeukia, macho yamejaa. "Mama, mpe wewe. Mimi siwezi."

Hotuba ikarudi ilikotoka.

"Mume wangu," nikamwambia mjukuu, "usipokula, nakula mimi, halafu usinililie."

Akacheka, mdomo ukafunguka, kijiko kikaingia.

Tukakaa sote tunaikodolea midomo yake kama watu wanaongoja matokeo ya uchaguzi. Haikuvimba. Daktari aliporidhika na kuturuhusu, mkwe akanikabidhi mtoto nimbebe, akauliza, akitazama viatu vyake, kama kesho asubuhi jikoni kwangu patakuwa na nafasi.

Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu.