Damu Kwenye Mihadasi

Bachisio alisema amekosa. Kwetu Sardinia anayemkosa nguruwe mwitu hukatwa pindo la shati mbele ya wawindaji wote. Walimkata, wakamcheka, naye akacheka. Hapo ndipo niliposhtuka, maana shemeji yangu huyu hajawahi kukubali kosa hata la kumwaga chumvi. Na anayejeruhi, kwetu, ndiye huingia kichakani kummaliza mnyama.

Nilikwenda na mbwa wangu Murina mpaka pale nguruwe alipopigwa risasi. Nikaona nywele zilizokatika, kisha hatua thelathini bila tone la damu. Wengi hudanganyika hapo, kumbe mafuta ya nguruwe huziba jeraha. Mbele, majani ya mihadasi, vichaka vya kwetu vinavyonukia, yalikuwa yamepakwa damu nyeusi, usawa wa goti, imechanganyika na uchafu wa kijani unaonuka. Risasi ya tumbo! Mnyama wa hivyo huishi saa nyingi, tena kwa hasira. Nyayo zilielekea kijitoni, mguu mmoja ukiburuta.

Dada yangu Gavina alikuwa huko kijitoni akichuma matunda ya mihadasi.

"Bachisio! Huyu umempiga!"

"Aa, shemeji, macho yameshazeeka hayo. Damu ya mbwa hiyo."

"Mbwa gani anakula majani? Njoo unuse! Mkeo yuko chini kijitoni!"

Aligeuza uso. Nilimchukia saa ileile, nikakimbia.

"Gavina! Panda jiwe! Panda!"

Murina alibweka mara moja. Nguruwe alikuwa amejibanza kichakani, manyoya ya mgongo yamesimama, hatua kumi kutoka kwa dada yangu. Akatoka mbio kumwelekea. Nilifyatua mara mbili. Alianguka karibu na viatu vya Gavina.

Bachisio alifika akihema. "Mke wangu, uko salama?"

"Ulijua niko huku?" Gavina aliuliza.

"Nilijua. Lakini nilidhani atafia njiani. Ningekiri nimempiga, wangenilazimisha niingie kichakani, na mwaka jana si ulimwona mwenzetu Baingiu alivyopasuliwa paja na nguruwe?"

"Kwa hiyo ukaniachia mimi."

Hakupaza sauti. Alinishika mkono, tukapanda hadi kwangu. Jioni ile alituma mtu akamletee nguo zake kutoka kwa Bachisio.