Mgonjwa Asiye na Neno

Mama mkwe wake alimbandika jina la Kiherehere siku ya pili ya ndoa, na miaka yote hiyo msusi yule alikuwa akilipokea kwa kicheko cha mdomoni tu. Siku hiyo, akiwa amesimama kando ya kitanda katika wodi ya upasuaji na taulo safi mkononi, alikata shauri kulistahili.

Jana yake mama mkwe alikuwa amepasuliwa tumbo. Utumbo ulijisokota, madaktari wakaukunjua, wakamshona kuanzia juu ya kitovu hadi chini. Kazi yao ilikuwa nzuri, na msusi hakuwa na ugomvi nayo. Ugomvi ulianza asubuhi, daktari alipopita, akasikiliza kifua cha mgonjwa na kukunja uso. Alisema mapafu yameanza kukoroma kwa chini. Akamwagiza mgonjwa akumbatie mto, avute pumzi ndefu, kisha akohoe kwa nguvu, maana makohozi yakibaki humo yataleta nimonia, na kwa umri wake na mshono mbichi namna ile, nimonia haina mzaha. Mgonjwa alimshukuru vizuri sana. Daktari akaenda zake.

Mama mkwe alijaribu. Alikumbatia mto, akafumba macho, na kilichotoka kilikuwa pumzi ya kupoza chai. Mkono wake ulikuwa umelikamata shuka kama mtu anayeogopa kuanguka. Akasema atakohoa baadaye. Msusi alipomuuliza kama anaumwa, alijibiwa, "Kidogo tu." Lo! Aliijua sana hiyo kidogo tu. Ndiyo aliyoambiwa mwaka ule jino lilipomvimbisha mama huyohuyo mpaka jicho likafumba. Alimpigia simu mumewe, naye akasema asiwe na wasiwasi, mama yake ni chuma. Msusi alimwambia chuma hakishonwi kwa uzi, akakata simu.

Akamwendea muuguzi mezani kwake. Muuguzi alimjibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuchoka kwamba sindano ya maumivu ipo kabatini, daktari ameagiza apewe akihitaji, na mgonjwa anayehitaji husema. Yule wa dirishani, wanayemwita Redio, hajaacha kusema tangu aletwe, na huchomwa sindano yake kwa wakati. Mwalimu, yaani mama mkwe huyu, hajasema neno. Tena yeye mwenyewe humuuliza kila anapopita.

Msusi alitaka kusikia anavyomuuliza. Muuguzi akainuka, akaongozana naye mpaka kitandani.

"Shikamoo, Mwalimu. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka salama."

"Na mshono haujambo?"

"Haujambo, tunashukuru."

Muuguzi akamgeukia msusi na kumwambia amesikia kwa masikio yake. Akaongeza, kwa sauti ya kufika dirishani, kwamba laiti wagonjwa wote wangekuwa hivi.

Msusi alihisi damu inampanda kichwani. Kumbe ndivyo mambo yanavyokwenda hapa! Mama huyu alikuwa amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, na muuguzi huyu alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la tatu, darasa ambalo aliyejibu salamu kwa kunung'unika alirudishwa nje aingie upya. Leo mwanafunzi anamwamkia mwalimu wake, mwalimu anaitikia kama alivyofundisha, na wote wawili wanaridhika kwamba matibabu yamefanyika. Mapafu nayo yanajaa.

"Hiyo ni salamu, dada," alisema. "Hata maiti angeitikia hivyo, kama angekuwa na adabu."

Muuguzi alimkumbusha kwamba hapa si saluni. Msusi akasema anajua, saluni mteja akitoa machozi mtu huacha kuvuta. Kisha akachukua mto na kumpa muuguzi. "Usimwamkie tena. Mwambie akohoe."

Ili yaishe, muuguzi alimwekea Mwalimu mto tumboni na kumwomba akohoe. Mwalimu alivuta pumzi. Ilifika nusu ikakatika. Hakulia, lakini chozi lilimtoka lenyewe likateremka hadi sikioni, mbele ya mwanafunzi wake, naye akageuza uso ukutani kwa haya.

Hapo hasira ya msusi ikamhamia mgonjwa mwenyewe.

"Mama, umeniita Kiherehere miaka yote na sijakujibu. Leo nakujibu. Ukifa kwa adabu, mimi ndiye nitakayemweleza mwanao. Mwambie huyu binti unaumwa."

Mwalimu aligeuza uso kutoka ukutani, akamtazama mwanafunzi wake.

"Naumwa," alisema. "Naumwa tangu nilipozinduka."

Muuguzi alikwenda kabatini, akajaribu funguo mbili tatu kabla hajaupata wa kufungulia. Alipokwisha kumchoma sindano, alisema kwa sauti ya chini kwamba atamwomba daktari dawa ipangwe kwa saa, isingoje kuombwa. Hakuomba radhi, na msusi hakumdai. Alikuwa bado amekasirika, na alikuwa na haki.

Baada ya muda uso wa Mwalimu ulikunjuka. Mkono ukaliachia shuka. Alikumbatia mto, akavuta pumzi mpaka mwisho wake, akakohoa kikohozi kizito, kibaya, cha majimaji, na makohozi yakatoka. Msusi alimshikia kopo huku akicheka na kujifuta macho. Hakuwahi kudhani makohozi ya mtu yatamfurahisha kiasi hicho.

Muuguzi alikwisha kufika kitanda cha pili. Palikuwa na bibi aliyekatwa mguu, amelala meno yamebanana.

"Habari za saa hizi, bibi?"

"Nzuri, mjukuu wangu."

"Wewe," ilisema sauti nyuma yake, imekauka lakini ni ileile ya darasani. "Usimsalimie. Muulize."

Muuguzi alisimama wima kama mtoto wa darasa la tatu. Kisha akainama.

"Bibi, unaumwa?"

Bibi alinyoosha mkono juu. Akafuatia wa kitanda cha tatu, na wa nne, na yule wa mlangoni mwenye dripu, wote waliokuwa salama tangu asubuhi.