Ndege wa Mwalimu Tokuhei

Kwenye mkutano wa wapenda ndege mjini Nagano, mwalimu mstaafu Tokuhei alijigamba kwamba ndege adimu mwenye kishungi amekula chenza alizotundika uani kwake. Alisema uongo. Kesho yake jirani yake, Bibi Sawae, akaja na darubini. Siku tatu alikaa kibarazani, theluji ikimwangukia, akaambulia shomoro tu.

"Mwalimu, kesho nakwenda kupimwa macho," akasema. "Wewe umemwona, mimi nimekodoa wee, simwoni."

Tokuhei aliona haya hadi masikio yakawaka moto.

"Hakuwepo, Bibi. Niliwadanganya."

Bibi Sawae akajikung'uta theluji mabegani.

"Kumbe macho yangu mazima," akasema, akaenda zake.