Nyeupe na Njano Zilikuwa Sawa

Kaka yangu Wilfred alinituma Kigoma nikaangalie kama Baba bado ana akili zake. Hakulisema hivyo. Alisema niende nikamsalimie mzee, lakini kwa jinsi alivyokohoa kabla ya kusema, nilijua kwamba chumba cha kumweka kule Mwanza kilishaandaliwa na mpangaji wa nyumba ya Baba pale Gungu alishapatikana. Kilichobaki ni mtu wa kusema ndiyo, Baba amechoka, haachiki tena peke yake. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa sababu ndiye niliye karibu.

Nilifunga duka langu la vitenge pale Kasulu nikaenda. Sikuwa na huzuni wala hamu. Tangu tulipomzika Mama mwezi wa sita nilikuwa hivyo, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: unauona ni wako, unaugusa, hausemi kitu. Msibani sikulia. Shangazi zangu walinitazama kwa jicho la pembeni, nami nikawatazama vilevile, kwani hata Baba hakulia na yeye hakuna aliyemsema.

Habari zote za Wilfred zilitoka kwa Mama Lyse, jirani yetu, Mrundi aliyehamia Gungu zamani na ambaye kwake hakuna jambo dogo. Alimpigia simu akamweleza kwamba mzee ameonekana kanisani na soksi moja ya kijani, nyingine ya kahawia. Kwamba amenunua nyanya mbichi kabisa akidhani zimeiva. Kwamba alipomwomba dalia nyekundu za kupamba altare, alimkatia za zambarau, tena kwa moyo mweupe, akamwambia shika hizi nyekundu. Na bustani ya marehemu, alisema, ni bora hata usiione.

Niliiona kabla sijafika mlangoni.

Bustani ya Mama ilijulikana Gungu nzima. Ukimwambia kijana wa bodaboda akupeleke kwenye nyumba yenye maua ya dalia, haulizi tena. Dalia huota kutoka kwenye viazi. Kiangazi majani yakikauka unavichimba, unavihifadhi kwenye mchanga mkavu, na mvua zikianza unavirudisha ardhini. Shida ni kwamba viazi vyote vinafanana, huwezi kujua kipi kitatoa ua jeupe na kipi jekundu. Ndiyo maana kila mwezi wa tano, maua yakiwa bado yapo, Mama alifunga kila shina kitambaa cha rangi ya ua lake, vipande vya vitenge nilivyomletea kutoka dukani. Vitambaa hivyo vilibaki na viazi vyake mchangani, na wakati wa kupanda alivifuata: tuta la nyeupe getini, kisha njano, kisha pinki, zambarau, nyekundu, na la mwisho ukutani, damu ya mzee. Alitia mashudu ya mawese kila shimo, na maharusi walikuja kupigia picha pale.

Mwaka jana alifunga vitambaa vyake, akafa. Baba akachimba viazi mwenyewe, akavihifadhi, akapanda. Sasa ulikuwa mwezi wa kwanza na zimechanua, na ilikuwa vurugu tupu. Pinki zimeingiliana na zambarau, nyekundu zimetupwa huku na kule katikati ya damu ya mzee. Nilikasirika, na karibu nishukuru kukasirika, maana angalau ni kitu.

Baba alitoka na kikombe cha chai mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwana wanje," yaani mwanangu kwa lugha ya kwetu, akaanza kuuliza habari kwa zamu kama kawaida yake: mume, watoto, duka, barabara. Alifundisha hesabu miaka yote kule Rusimbi, na alitaka kujua kama mwanangu wa mwisho ameshaelewa sehemu, maana likizo iliyopita alimwacha kwenye kutafuta asili ya pamoja. Mtu aliyepoteza akili hakumbuki hilo. Nililiona, nikalipita, kwa kuwa hasira ilikuwa imetangulia.

"Zimekubali mwaka huu," alisema, akitazama bustani kwa kuridhika.

Nikamuuliza vitambaa vya Mama vilienda wapi. Akasema vilikuwepo vyote, na yeye alivifuata kimoja kimoja. Nikaingia ndani nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Asubuhi yake niliingia bustanini na mkasi na fuko la vitambaa. Dalia iliyochanua haing'olewi, lakini ningeweza kufunga upya kila shina ili mwaka ujao mambo yakae sawa. Nikamwita Baba anisaidie. Akasema mgongo unamsumbua. Kisha akasema ana maji ya kuchota, na mapipa nilikuwa nimeyajaza mwenyewe. Nikamwekea vitambaa mkononi nikamwonyesha upande wa ukutani, nikarudi kwenye kazi yangu.

Alifunga polepole, akiniangalia kila baada ya shina moja. Nilipokwenda kukagua, nilikuta kitambaa cha pinki kwenye ua la zambarau, na chekundu kimekumbatia damu ya mzee. Mafundo yake yalikuwa mazuri sana. Hasira ikanitoka yote, ikabaki ile ganzi, na kwa utulivu kabisa nikaanza kupanga kichwani maneno ya kumpa Wilfred. Umeshinda, njoo umchukue.

Nikasimama kunyoosha mgongo. Kutoka pale niliuona mstari wa mbele, karibu na geti. Dalia nyeupe zilikuwa kwenye tuta lao, zimenyooka, hakuna hata moja iliyopotea. Za njano vilevile. Nikatembea hadi mwisho wa matuta yale mawili na kurudi, nikitafuta kosa, sikuliona. Mtu aliyechanganyikiwa hachagui cha kuchanganya.

Nilichukua vitambaa viwili, chekundu na cha kijani, nikamsogelea.

"Baba, kipi ni chekundu?"

Akatazama kwanza uani kwa Mama Lyse, kama kuna mtu. Kisha akaviangalia muda mrefu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayehakiki hesabu ya mwanafunzi.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kujua."

Alinieleza akiwa amesimama, kwa sauti yake ya darasani. Nyeupe anaiona, njano anaiona, na bluu ya ziwa. Nyingine zote kwake ni rangi moja yenye vivuli. Alipokuwa mtoto Mwamgongo alichora mti wa majani mekundu, darasa zima likacheka, mwalimu akamchapa akidhani analeta utani. Tangu siku hiyo hakumwambia mtu. Mama aligundua mwenyewe wiki ya kwanza ya ndoa, hakucheka, na kuanzia hapo akawa anampangia soksi, anamchagulia nyanya, anamtia kalamu nyekundu mfukoni kila asubuhi akienda kusahihisha. Haya yote niliyaona nikikua. Nilidhani ni kudekezwa. Nilimdharau yeye kwa kutumikiwa, na Mama kwa kutumika.

"Kila asubuhi tulizunguka hapa na chai zetu," akasema. "Ananiambia, hili leo limekuwa hivi, lile limekuwa vile. Tangu afe, sijui bustani ina nini."

Alilisema bila kujihurumia, kama mtu anayekuambia kwamba bomba halitoi maji. Nilitaka kumshika, mikono ikabaki ilipo.

Nikamwambia basi jambo limekwisha, nitamweleza Wilfred ukweli na hakuna atakayemhamisha. Akakataa. Wilfred atamwambia mkewe, mkewe atawaambia watoto, na wajukuu wataanza kumletea mashati wakimuuliza hili ni rangi gani, waangue kicheko. Alishasimama mbele ya madarasa maisha yake yote, anajua kicheko kinavyoanza.

"Mwambie nimeanza kuzeeka vibaya," akasema. "Hilo watu wanaliheshimu. Nitakwenda Mwanza."

Simu ya Wilfred iliingia mchana, tumekaa barazani na dagaa wetu. Baba aliacha kula. Wilfred aliniuliza nimemwonaje mzee, nikamjibu yuko sawasawa kabisa. Akauliza, na bustani je?

"Mimi ndiye niliyechanganya vitambaa," nikasema. "Baada ya msiba, nilipokuwa nafagia stoo. Vilifunguka, nikavirudisha ovyo."

Akauliza soksi. Nikamwambia umeme ulikatika. Akauliza nyanya. Nikamwambia Baba alizitaka mbichi, anatengeneza achari. Wilfred akarudia neno achari kama hajawahi kulisikia. Nikasema Mama alimfundisha. Na yale maua ya altare? Nikasema Mama Lyse alikuja bila miwani, kila mtu anajua.

Basi kaka yangu akanigeukia mimi. Alisema nimekuwa mzembe tangu utoto, kwamba Mama aliacha kitu kimoja tu hapa duniani nami nimekivuruga, na kwamba angekuwa hai angeumia. Nilimwitikia kila neno. Mwishowe akasema atamwambia yule mpangaji atafute pengine, akakata simu bila kuaga.

Baba alikuwa ametazama sahani yake muda wote huo.

"Mama yako alidanganya vizuri kuliko wewe," akasema. "Mama Lyse hana miwani."

"Nitajifunza."

Hatukumaliza chakula. Nilimshika mkono tukashuka bustanini, juani vilevile, tukaanza na tuta la tatu. Nikamwambia hili ni la pinki, pinki iliyofifia kwenye ncha. Hili jirani yake ni la zambarau, halikupaswa kuwa hapa, lakini wewe ndiye uliyelipanda na limependeza. Hili ni pinki tena, kubwa, Mama angelikata alipeleke kanisani. Hili.

Machozi yalikuja yote kwa pamoja, yale ya msibani na ya miezi yote iliyofuata, nikashindwa hata kuyafuta.

Baba akangoja. Hakuuachia mkono wangu.

"Endelea," akasema. "Hili je?"